Pikapu ya Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wanaume wengine wakitoka kazini hupitia mahali. Mimi hupitia mlangoni tu. Miaka ile ya elfu mbili na kitu, wakati simu ya mkononi bado ilikuwa inavaliwa kiunoni ili ionekane, niliuza mbegu na dawa za mifugo katika duka la mtu pale Kitale, na kabla mwenye duka hajamaliza kufunga kufuli mimi nilikuwa nimeshavua viatu kwangu. Mke wangu aliwaambia wageni kwamba aliomba Mungu mume, akaletewa kabati.

Kilichonirudisha mbio hivyo, ukimwondoa yeye mwenyewe (na ninaandika hivi kwa sababu atasoma), kilikuwa gitaa la umeme. Lilikuwa jekundu, rangi imechubuka pale mkono unapolala, na lilikuwa limetumika kanisani kwa muda mrefu kabla ya kanisa lenyewe kupata jipya. Amplifaya yake haikuwa kubwa kuliko redio ya kaseti. Watu wa kwetu wakisikia gitaa hutegemea nyimbo za ibada au nyimbo za kuchezea harusini. Mimi nilitaka kitu kingine kabisa: muziki mzito, ule ambao gitaa linanguruma kama dume la ng'ombe lililoona jingine ng'ambo ya ua. Niliuonja sekondari, kwenye kanda ya mwalimu mmoja aliyekuja kwa mazoezi ya kufundisha. Nilikaa shuleni mpaka kidato cha nne, na katika yote niliyofundishwa, kanda ile ndiyo iliyokaa kichwani.

Shida ni kwamba gitaa langu halikunguruma. Lilipiga mluzi. Nikilitia nguvu lisikike zito, kwanza lilivuma kama mzinga wa nyuki, halafu likatoa ukali mwembamba uliokuwa ukiingia kwenye jino moja kwa moja bila kupitia sikio. Mke wangu alizoea. Jirani wa upande wa kulia alikuwa kiziwi kidogo, Mungu ambariki. Chumba cha upande wa kushoto kilikuwa kitupu.

Halafu kikapata mtu, na mtu mwenyewe akawa mama mkwe wangu.

Alikuja kutoka upande wa Chwele, Bungoma, kufanyiwa upasuaji wa jicho katika hospitali ya Kitale. Jicho lake jingine lilikuwa limezimika zamani, kwa hiyo hili moja ndilo lilikuwa macho yake yote. Madaktari walilifanyia kazi, wakalifunika, wakamwambia akae karibu mpaka siku ya kuliangalia. Asiiname, asikohoe kwa nguvu, na juu ya yote asishtuke. Na kwetu mama mkwe halali katika nyumba ya mkwewe. Hampi mkono, hali chakula mbele yake, na wakikutana njiani mmoja huacha njia. Basi akakodishiwa kile chumba cha kushoto, na kila mtu akasema ni mpango mzuri sana.

Mpango ulikuwa mzuri kuanzia sakafuni hadi pale matofali yalipoishia. Ukuta kati ya vyumba vya ploti yetu haukufika kwenye mabati. Mwenye nyumba alichoka kujenga, au matofali yalimchoka yeye. Kutoka pale kwenda juu tulikuwa nyumba moja. Mila ilikuwa imenitenganisha na mama kwa kila kitu isipokuwa sauti.

Na kwa kuwa hakuweza kuona, kazi yote ya kukwepana ikawa yangu. Yeye alitembea uani taratibu, mkono ukutani, mimi nikaruka kila upande kama kuku aliyeingia jikoni. Nilijificha nyuma ya tangi la maji. Siku moja nilijificha nyuma ya shuka lililoanikwa, akaja kulianua.

Jioni ya kwanza nilipopiga gitaa, kikombe kilianguka upande wa pili. Mke wangu akatoka kwa mama yake akiwa amekunja uso. Alisema mama amerukwa na roho, na je, nataka isemwe Chwele nzima kwamba jicho limeharibiwa na gitaa la mkwe? Sikutaka. Nikalitundika ukutani nikanyamaza jioni ile, na iliyofuata, na nyingine.

Nilidhani nimefanya uungwana. Kumbe mama alikuwa ameshahesabu kila kimya. Binti yake alikuwa amemsimulia tangu tulipooana kwamba mume wake akiwa na furaha anapiga, na akiudhika hapigi. Sasa mgeni amefika, gitaa limenyamaza. Mke wangu akarudi na ujumbe mpya.

"Mama anauliza amekukosea nini."

"Hajanikosea. Nimenyamaza kwa ajili yake."

"Nimemwambia. Anasema hivyo ndivyo mtu mwenye adabu hujibu akiwa amechoka na mgeni." Akakaa kitandani. "Ameshafunga mzigo. Anasema jicho anaweza kulingojea kwake."

Na kwake ni kuzuri, lakini hakuna daktari wa jicho, na kuna moshi wa jikoni asubuhi na jioni. Akienda, jicho limekwenda. Nikipiga, atashtuka. Nikinyamaza, ataondoka. Nilikaa nikiangalia lile gitaa ukutani nalo likiniangalia, na sikuona kati yetu nani mjinga zaidi.

Nilijaribu njia za katikati. Bila umeme lilisikika kama mtu anayekwangua ukoko. Nikiweka umeme na sauti ndogo kabisa, lilikuwa mbu, na mbu si kitu cha kumpa mtu aliyekatazwa kujipiga kofi usoni. Nikigeuza kile kitufe cha kupunguza ukali, hakikupunguza chochote, kilikwaruza tu. Kelele ndogo au kubwa, shida ilikuwa ukali wenyewe. Nilihitaji sauti iliyonenepa: nzito lakini laini, itoke kifuani badala ya puani.

Nikaenda kwa saiba iliyokuwa karibu na stendi, mimi nisiyependa kwenda popote, nikaketi mbele ya kompyuta iliyofungua ukurasa mmoja kwa muda ambao mtu angeweza kupika ugali akala. Nikasoma. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna kidude kama kidole, sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele. Hicho ndicho kinachosikia nyuzi zikitikisika na kupeleka habari kwa amplifaya. Wenye kazi yao hukiita pikapu. Kwa nini waliamua kukipa jina la gari sijui; wangeniuliza mapema ningewaomba watafute jingine.

Pikapu zangu zilikuwa za koili moja, waya haba. Nikasoma kwamba zenye koili mbili hazivumi, kwa sababu koili moja hufuta uvumi wa mwenzake. Nikasoma kwamba waya ukizungushwa kwa wingi, nguvu huongezeka na ukali wa juu hupungua, sauti ikajaa katikati. Lakini nguvu nayo ina tabia. Kuna sumaku nene nyeusi za kauri, zinazotoa nguvu yenye meno. Na kuna za chuma, zinazotoa nguvu yenye nyama. Mimi nilitaka nyama. Nilitoka pale nikiwa profesa, na kama profesa yeyote sikuwa na kitu mkononi.

Kitale haikuwa nayo. Nilipouliza madukani, waliniuliza ni ya dizeli au petroli. Nikakumbuka kwamba Bungoma mjini kulikuwa na mtu anayekodisha spika za harusi na matanga, mwenye sanduku la magitaa yaliyokufa. Na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu Chwele, anayefika Bungoma kila mara. Nikaona hakuna haja ya mimi kusafiri. Kabati halisafiri. Nikamwandikia ujumbe kwa simu, na ninaurudia hapa neno kwa neno kwa sababu nimesomewa mara nyingi tangu siku hiyo, hasa Krismasi:

"Shemeji salamu. Nitafutie pikapu huko Bungoma. Iwe na nguvu sana, nzito lakini laini. Ni kwa ajili ya mama, asiendelee kusumbuka hapa. Ukipata leta haraka."

Akajibu: "Imeeleweka shemeji. Kabisa." Ile kabisa ndiyo ingepaswa kunitia wasiwasi.

Jumamosi mke wangu alikuwa ameenda sokoni. Mimi nilikuwa nafua. Nikasikia injini nje, nzito, ya kutikisa masufuria, halafu honi. Lango likafunguliwa, na uani kwetu ikaingia kinyumenyume pikapu nyeupe yenye matope ya njia nzima ya Kimilili. Nyuma ilikuwa na godoro.

Shemeji akaruka chini akicheka.

"Shemeji, umesema nzito, nimetafuta nzito. Umesema laini, hebu ona springi. Mpya. Na nimetandika godoro. Hata tukipita ile barabara ya Kamukuywa mama hatasikia shimo."

Kabla sijafunga mdomo, mlango wa kushoto ulifunguka. Mama alikuwa amevaa kitambaa chake cha safari. Mzigo ulikuwa mkononi. Sidhani kama aliwahi kuufungua. Mimi tayari nilikuwa nyuma ya tangi, povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Yeye akasimama akielekea ukuta, kwa heshima, akaongea na mwanawe kana kwamba mimi niko Uganda.

"Mwambie mkwe wangu nimeshukuru. Kutafutiwa gari ni heshima. Wengine hufukuzwa kwa miguu."

"Mwambie mama hilo si gari," nikasema.

Shemeji alikuwa amesimama katikati yetu, hatua chache kila upande. Tulikuwa tunasikiana vizuri wote watatu. Lakini akageuka kwa mama yake kama mkalimani wa mahakamani. "Mama, anasema si gari."

Mama akaelekeza sikio kwenye injini, ambayo ilikuwa bado inawaka. "Muulize ni nini hiyo inanguruma."

"Anauliza ni nini hiyo inanguruma."

"Mwambie mimi nilitaka pikapu ya gitaa."

"Mama, anasema ni pikapu ya gitaa." Halafu akanigeukia, akashusha sauti kwa huruma. "Sasa shem, gitaa moja, si ungebeba tu na bodaboda?"

Nikaeleza. Nilieleza sumaku, nikaeleza koili, nikaeleza waya kama unywele, na kila sentensi ilifika kwa mama ikiwa imepungua kidogo. Nilipomaliza kueleza tofauti ya kauri na chuma, shemeji alifikiri kidogo akamwambia: "Mama, anasema ni stima." Mama akatikisa kichwa, akaanza kupapasa mlango wa gari.

Sikuweza kumshika mkono. Sikuweza kusimama mbele yake. Hata kumwomba abaki ilibidi nimwombe mtu mwingine amwombe. Mtu mzima, mwenye vyeti, nyuma ya tangi la maji, nikiangalia jicho la mama wa watu likipanda gari kwa sababu ya ujumbe wangu mwenyewe. Nikakimbilia ndani, nikachomoa gitaa ukutani, nikampa shemeji kwa mkono ulionyooshwa kana kwamba lina moto.

"Mshikishe. Hapo chini ya nyuzi. Mwambie hako ndiko kanaitwa pikapu."

Shemeji akamwekea mama gitaa mapajani, pale alipokuwa ameketi mguu mmoja ndani ya gari mmoja nje. Akauongoza mkono wake. Mama akapitisha vidole kwenye nyuzi, akateremka mpaka kwenye kile kidude, akakigonga kwa ukucha, akakizunguka, akarudi tena. Alichukua muda wake. Injini ikazimwa.

"Haka?"

"Hako, mama."

"Haka kadogo ndiko kanapiga kelele yote ile?"

"Mwambie hakapigi," nikasema, profesa bado hajafa. "Kanasikia tu. Kanasikia nyuzi."

Mama hakungoja mkalimani. Alijibu akielekea kioo cha mbele, kwa hiyo kisheria aliongea na gari. "Muulizeni basi. Kama kanasikia, mbona hakasikii kwamba kanaumiza mtu?"

Swali hilo halikuwa kwenye ukurasa wa saiba. Sijaliona mpaka leo, na nimesoma kurasa nyingi zaidi.

Ndipo nikasema kwa shemeji, polepole, kwamba hako ndiko nilitaka kubadilisha. Kwamba nilitafuta kengine kasikoumiza, ili nipige bila kumshtua, ili ajue nimefurahi amekuja. Safari hii shemeji hakuongeza wala kupunguza. Mama akapitisha kidole tena juu ya nyuzi. Halafu akashusha ule mguu uliokuwa ndani.

"Mwambie gari haliwezi kurudi tupu," akasema. "Kama sifukuzwi mimi, aende yeye."

Hivyo ndivyo kabati lilivyopakiwa. Nilifika Bungoma siku hiyo hiyo, nikiwa na suruali iliyolowa maji ya kufulia, godoro likirukaruka nyuma bila mgonjwa.

Mwenye spika alikuwa mtu mnene mwenye sauti iliyozoea kushindana na ngoma. Nikamwambia nataka pikapu, nikaongeza haraka ya gitaa, yenye nguvu, nzito, laini.

"Laini ni kwa duka la simu, bana," akasema, akacheka peke yake. Nikacheka pia, maana nilikuwa mbali na nyumbani.

Sandukuni mlikuwa na mbili tu zenye koili mbili. Akazipima kwa mita, zote zilikuwa zimezungushiwa waya mpaka zikashiba. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, safi, na chini yake sumaku nene ya kauri. Akaiunganisha kwa gitaa lake na spika za matanga, akapiga, na vikombe vilivyokuwa mezani vikatembea. "Hii inafika mpaka ng'ambo ya mto," akasema. "Watu wanakuja matanga hata hawamjui marehemu." Ya pili ilikuwa imefifia kama sarafu ya zamani, sumaku yake kipande chembamba cha chuma. Hiyo nayo ilikuwa na nguvu, lakini noti ilitoka ikiwa mviringo, ikakaa, ikaondoka bila kubamiza mlango. Mwenye spika alikunja pua. "Hii ni ya mtu ameshiba, anataka kulala."

Nilisimama pale nikishindwa kuchagua. Nilibishana na nafsi yangu. Moyo wangu, nikiri ukweli wake, ulikuwa umeenda na ile nyeusi; ndiyo iliyokuwa kwenye kanda ya mwalimu. Nikajaribu kujidanganya kwamba kwenye amplifaya yangu ndogo haitauma sana. Halafu nikakumbuka ukucha wa mama ukigonga. Nikachukua ile ya mtu aliyeshiba.

Nyumbani ikagoma kuingia. Tundu la gitaa langu lilikuwa la kidole kimoja, pikapu mpya ilikuwa ya vidole viwili. Nikapasha kisu cha jikoni kwenye jiko, nikakata plastiki ya uso wa gitaa kidogo kidogo, harufu ikapanda juu ya ukuta, na mke wangu akaitwa kuulizwa kama mkwe sasa anapika gitaa. Chini ya plastiki kulikuwa na kipande cha mbao nilichokata kwa kupinda, na kipo hivyo mpaka leo, kama jino lililong'olewa na jirani. Fundi wa redio akanichomelea nyaya. Jumapili jioni likawa tayari. Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya jicho kuangaliwa.

Nikaketi kitandani. Nikaweka sauti ya kadiri, nikabonyeza kwa mguu kidude changu cha kuvuruga sauti, nikagusa uzi mnene kabisa.

Sikujua gitaa langu lina kifua. Halikuvuma, halikupiga mluzi. Lilinguruma chini, taratibu, sauti nzito iliyosimama sakafuni na kupumua. Nilipiga noti ileile moja nikaiacha iende, nikapiga nyingine. Upande wa pili hakuna kikombe kilichoanguka. Nikafumba macho. Niliwaza kwamba hatimaye katika maisha yangu nimechagua kitu kikawa sawa.

Ndipo nikasikia mzigo ukiburutwa upande wa pili. Kisha mlango. Mke wangu akaingia, mkono mdomoni, machozi yamemjaa, na kwa muda nikadhani ni jicho.

"Mama anauliza," akasema, akashindwa, akaanza tena. "Anauliza hiyo pikapu imekuja kuchukua nani tena."

Mkono wangu ulibaki juu ya nyuzi. Mke wangu alirudi kumweleza, na juu ya ukuta nikasikia kucheka, kwanza mmoja, halafu wote wawili. Sikuwahi kumsikia mama mkwe akicheka. Daktari alikataza kuinama, kukohoa na kushtuka. Kucheka hakukutaja, nami sikujua kama aliruhusu au alisahau. Nilikaa nikiomba waache, nikiomba wasiache. Kisha ukuta ukagongwa kwa ukucha, taratibu, na nikaelewa kwamba ninaruhusiwa kuendelea. Nikaendelea, kwa woga, kama dereva anayejifunza.

Jumatatu sikwenda kazini. Waliporudi kutoka hospitali nilikuwa uani, beseni la nguo zilizofuliwa mikononi, mbali na tangi, mbali na kila kitu. Lango lilifunguka ghafla. Mama aliingia ameshikwa mkono na bintiye, jicho halina kifuniko, jekundu, linachuruza maji. Nilitaka kukimbia, sikujua pa kukimbilia.

Akapiga hatua moja, akanitazama. Halafu akavuta leso akajifunika uso, akageuka haraka, akasimama akinipa mgongo, kama mama mkwe yeyote anayemwona mkwewe.

"Ameona," mke wangu akasema.

Nikabaki palepale na beseni langu, maji yakinidondokea miguuni, nikiuangalia ule mgongo.